Mawimbi ya sumakuumeme, laini za transimisheni na antena: nianze na kitabu gani, programu gani?

mwaka_wa_tatu

Wakuu habarini. Nasoma uhandisi wa mawasiliano, mwaka wa tatu. Muhula huu tuna somo la mawimbi ya sumakuumeme na silabasi imebeba vitu vitatu kwa mkupuo: milinganyo ya Maxwell na mawimbi bapa, laini za transimisheni pamoja na chati ya Smith (mchoro wa duara wa kusomea impedansi), halafu antena. Milinganyo naweza kuikariri. Ila nikiulizwa kwa nini kebo ya ohmu 50, urefu wa mita moja, kwenye 50 MHz inaugeuza mzigo wa ohmu 100 uonekane ohmu 25, nabaki natoa macho.

Naomba mwenye uzoefu aniambie nisome nini na kwa mpangilio upi. Kitabu cha kununua sina uwezo nacho, nataka vya bure. Laptop yangu ina RAM GB 4, bando ni la kubana, na kwa vifaa vya vipimo maabara tunapishana kama foleni ya daladala. Kama kuna majaribio ya kufanya geto kwa hela ndogo, nayo nayataka.

koaksia_50

Mkuu, kinachokuumiza ni mpangilio. Kozi nyingi zinaanza na umeme tuli, zinapanda hadi Maxwell, laini zinaingia wiki za mwisho mtu kashachoka. Wewe geuza, anza na laini. Pale una volti na mkondo tu, vitu ulivyovizoea tangu saketi za mwaka wa kwanza, na unapima kwa mwelekeo mmoja. Ukishaielewa laini, wimbi bapa linalogonga ukuta wa zege halitakutisha: mahali pa Z0 (impedansi ya laini yenyewe) unaweka impedansi ya nafasi tupu, ohmu 377, na hesabu ya kinachorudi ni ileile.

Kitabu ni cha Steven Ellingson wa Virginia Tech, *Electromagnetics*, juzuu mbili, 2018 na 2020. Ni bure na leseni yake inaruhusu kunakili, kwa hiyo mmoja wenu apakue, wengine mhamishiane kwa flashi. Faida yake kwako ni kwamba juzuu ya kwanza imeziweka laini sura ya 3, kabla ya vekta na umeme tuli. Soma sura ya 3 yote, ruka uende sura ya 9 ya mawimbi bapa, kisha ndiyo urudi kujaza za katikati. Juzuu ya pili ina mawimbi kugonga mipaka, miongozawimbi, na mwishoni antena.

Cha pili ni cha Sophocles Orfanidis wa Rutgers, *Electromagnetic Waves and Antennas*, nacho anakitoa bure. Kina kurasa zaidi ya elfu moja, hivyo usikisome kama riwaya. Kifungue pale Ellingson anapokuacha njiani, hasa kwenye ulinganishaji wa impedansi na antena za safu.

Sasa swali lako la ohmu 100 kuwa 25, maana hapo ndipo mlango ulipo. Kebo yenye plastiki ngumu ndani, kama RG-58, inapitisha wimbi kwa 0.66 ya kasi ya mwanga. Kwenye 50 MHz urefu wa wimbi hewani ni mita 6, ndani ya kebo ni mita 3.96, na robo yake ni sentimita 99. Kwa hiyo mita yako moja ni robo wimbi. Kwenye mzigo, Γ = (100 − 50)/(100 + 50) = 1/3. Maana yake theluthi ya volti inarudi ikiwa na alama ileile, na mkondo unaorudi una alama ya kinyume. Volti zinajumlika kuwa 1 + 1/3, mikondo inapunguzana kuwa 1 − 1/3, uwiano ni 2, zidisha kwa 50 unapata 100. Sawa sawa na mzigo. Rudi nyuma robo wimbi: kinachorudi kimetembea robo ya kwenda na robo ya kurudi, jumla nusu wimbi, kwa hiyo alama imepinduka. Sasa volti ni 1 − 1/3 na mkondo ni 1 + 1/3, uwiano ni nusu, unapata ohmu 25. Hakuna kitu kilichobadilika kwenye rezista. Umebadilisha mahali unaposimama kutazama mawimbi mawili yanayopishana.

nabla

Nakubaliana na @koaksia_50 kuhusu laini kwanza, ila asikudanganye mtu kwamba vekta utazikwepa. Utafika kwenye mnururisho wa antena na bila operesheni za nabla utakuwa unanakili tu ubaoni. Tenga wiki mbili: gradienti na wenzake wawili (daivajensi na keli), nadharia ya Gauss na ya Stokes, na kuhama kutoka majira ya mraba kwenda majira ya tufe. Hilo la mwisho ndilo linaloangusha watu, kwa sababu kwenye majira ya tufe vekta za mwelekeo zenyewe zinageuka kadiri unavyohama.

Namba changamano nazo zifanye ziwe kama salamu. Γ ya mzigo wowote lazima uweze kuiandika kwa ukubwa na pembe bila kufikiri mara mbili.

Na kuna mtego ambao vitabu havipigi kelele kuuhusu. Wahandisi huandika muda kama e^(jωt), wanafizikia wengi e^(−iωt). Ukichanganya vitabu viwili vya mila tofauti, wimbi linaloenda mbele kwenye kimoja linaonekana linarudi kwenye kingine, na koili inakuwa kapasita. Kabla ya kuchukua fomula popote, angalia ukurasa walipotaja muda. Ukikuta i, badilisha kila i kuwa −j na mambo yanakaa sawa.

Bila kutumia bando nyingi, tafuta YouTube filamu ya Bell Labs ya 1959, *Similarities of Wave Behavior*, ya John Shive. Anatumia mashine ya fito zilizopangwa kwenye waya, na unaona kwa macho wimbi likirudi kwenye ncha iliyofungwa limepinduka, na kwenye ncha iliyoachwa huru likirudi wima. Hata kipande cha robo wimbi cha kulinganisha pande mbili kimo.

Mashine yenyewe unaitengeneza jioni moja. Nunua vijiti vya mishikaki kama 70 na utepe wa gundi wa karatasi. Tandaza utepe mita 4 mezani, upande wa gundi juu, panga vijiti kila sentimita 5 vikiwa vimeshikwa katikati kabisa, kisha funika kwa utepe wa pili. Ning'iniza mlalo kati ya viti viwili, vuta hadi ukaze. Pachika kinyunya cha unga wa ngano kwenye ncha za vijiti vya nusu moja tu, uzito sawa kila ncha. Gonga kijiti cha mwanzo upande mwepesi: wimbi likifika penye vinyunya sehemu inapita kwa mwendo wa kobe, sehemu inarudi imepinduka. Hiyo ndiyo Γ. Vijiti visiposhikwa katikati, mashine inayumba yenyewe na huoni kitu.

fundi_wa_mnara

Kwa majaribio, changeni watu watano mnunue NanoVNA moja. Ni kifaa cha kiganjani kinachopima impedansi na kinachorudi, toleo la kawaida linafika 900 MHz. Mkishindwa, kidongo cha RTL-SDR (kipokezi cha redio cha USB) kinatosha kwa jaribio la kwanza.

Jaribio la kwanza ni stabu, yaani kipande cha kebo kinachoungwa pembeni ya njia. Chukua RG-58 sentimita 49.5, ncha moja iwe na konekta, nyingine ikatwe tu iachwe wazi. Iunge kwa konekta ya T katikati ya njia kutoka mlango wa kwanza wa VNA kwenda wa pili. Kwenye 100 MHz kipande hicho ni robo wimbi, kwa hiyo ncha iliyo wazi inaonekana kwenye T kama shoti, na mstari wa S21 (kinachopita hadi mlango wa pili) unachimba shimo. Shimo linajirudia kwenye 300 MHz na 500 MHz. Sasa bana ile ncha, unganisha waya wa kati na wavu wa nje: mashimo yanahamia 200 na 400 MHz. Mwenye kidongo tu, weka T kwenye waya wa antena na ukate stabu kwa masafa ya kituo cha FM chenye nguvu mjini kwako, utakiona kinazama.

Shimo likikaa mahali tofauti na hesabu, usikimbilie kulaumu kebo. Ndani ya T kuna sentimita moja na nusu hivi ambayo hukuihesabu, na hiyo ni asilimia 3 ya stabu nzima. Kebo ya TV ya povu (RG-6) ina kasi ya 0.82 na kuendelea, si 0.66, na impedansi yake ni 75. Geuza hesabu uitumie kuipima kebo usiyoijua: kasi = 4 × urefu × masafa ya shimo ÷ kasi ya mwanga. Urefu 0.5 m na shimo kwenye 99 MHz vinakupa 0.66.

Kalibresheni ndiyo inayochafua vipimo vya wengi. Weka kwanza upana wa masafa unaotaka, ndipo ukalibu kwa wazi, shoti na ohmu 50. Ukibadilisha masafa baadaye, kalibu upya. Na ukalibu mwishoni mwa kebo ya kupimia, pale pale utakapofunga kitu chako, la sivyo unapima na kebo.

Ukijitengenezea mzigo wa ohmu 50 kwa rezista mbili za 100 sambamba, kata miguu hadi iishe. Mguu wa milimita moja ni takribani nanohenri moja. Ukiacha sentimita moja una nanohenri 10: kwenye 100 MHz ni ohmu 6 za ziada, unaweza kuvumilia, lakini kwenye 900 MHz ni ohmu 56 na "mzigo wa 50" umebaki jina. Rezista za waya wa kuzungushwa usiziguse kabisa, hizo ni koili zilizovaa nguo za rezista.

Kingine, kamwe usiiunge NanoVNA kwenye redio inayorusha, hata kwa sekunde. Inakufa papo hapo. Na kurusha kwenyewe kunahitaji leseni, TCRA kwa Tanzania, CA kwa Kenya. Majaribio yote niliyotaja hayarushi kitu cha maana.

mwaka_wa_tatu

Asanteni sana wakuu, ile ya alama kupinduka imeniingia. Nimekwama kwenye swali moja la chati ya Smith: mzigo 25 + j50, laini ya ohmu 50, ulinganishe kwa stabu moja ya sambamba iliyobanwa ncha. Jibu langu la umbali ni 0.587 ya urefu wa wimbi, la kitabu ni 0.293.

koaksia_50

Umesoma mzunguko mzima wa chati kama wimbi zima. Mzunguko mmoja ni nusu wimbi, kwa sababu ileile ya juu: kwenda na kurudi. Jibu lako ni mara mbili kamili ya jibu sahihi.

Fuata hivi. Gawa kwa 50: z = 0.5 + j1. Stabu ni ya sambamba, kwa hiyo hamia admitansi (kinyume cha impedansi, 1/z) mara moja, y = 0.4 − j0.8, ambayo ni nukta ya upande wa pili wa kitovu. Ukubwa wa Γ ni 0.62, SWR (uwiano wa kilele na bonde la volti kwenye laini) ni 4.3. Zunguka kwa mwendo wa saa, yaani kuelekea kwenye chanzo, hadi ukate duara la g = 1 (g ni sehemu halisi ya y). Unalikata kwanza kwenye y = 1 + j1.58, baada ya 0.293. Ukiendelea kuna nukta nyingine, 1 − j1.58, kwenye 0.437, nayo ni jibu halali ila laini inakuwa ndefu zaidi. Chukua ya kwanza. Stabu inatakiwa ifute +j1.58, kwa hiyo iwe −j1.58, na stabu iliyobanwa inatoa hiyo kwa urefu wa 0.09. Wanaosahau kuhamia admitansi hupata majibu yanayoonekana mazuri tu kwenye karatasi.

Ukitaka uione ikifanya kazi kwenye 100 MHz kwa RG-58, wimbi ndani ya kebo ni mita 1.98: umbali sm 58, stabu sm 17.8. Mzigo wenyewe ni rezista nne za 100 sambamba (25), mfululizo na koili ya nanohenri 80. Koili ni mizunguko 5 ya waya juu ya shina la drili la mm 6, ivutwe hadi urefu wa mm 10 hivi. Ukiivuta zaidi inapungua, ukiibana inaongezeka. Ihakikishe kwanza kwenye VNA peke yake hadi usome karibu 25 + j50, ndipo ufunge stabu. Utaona SWR inashuka kwenye 100 MHz na kupanda haraka pande zote mbili. Huo ufinyu mwalimu ataugusa kwenye mtihani: stabu inalinganisha masafa mamoja, si bendi.

polarizesheni

Tuje antena maana wote mmeikwepa. Kwa RAM GB 4 huhitaji programu nzito za 3D. Injini ya NEC2 ya kukokotoa antena za waya, iliyotoka maabara ya Lawrence Livermore, Marekani, 1981, inakimbia hata kwenye kompyuta chakavu. Windows tumia 4nec2, Linux tumia xnec2c, zote bure. Hii hapa dipoli ya 145 MHz, inakili kama ilivyo:

```
CM Dipoli ya 145 MHz
CE
GW 1 21 0 0 -0.493 0 0 0.493 0.001
GE 0
EX 0 1 11 0 1 0
FR 0 41 0 0 135 0.5
RP 0 37 1 1000 0 0 5 0
EN
```

GW ni waya: namba 1, vipande 21, kutoka chini hadi juu, unene wa nusu kipenyo mm 1. EX inaweka chanzo kwenye kipande cha 11, katikati. FR inapita 135 hadi 155 MHz kwa hatua ya 0.5. Urefu wa sm 98.6 umetoka kwenye 143 ÷ 145, kanuni ya mafundi ya nusu wimbi iliyopunguzwa asilimia 5. Utasoma takribani ohmu 70 na sehemu ya j ikikaribia sifuri kwenye 145, na ongezeko la kama 2.1 dBi (desibeli ukilinganisha na antena inayorusha sawa kila upande).

Sasa iongeze hadi nusu wimbi kamili, ±0.517. Sehemu ya j inapanda hadi arobaini na kitu. Kitabuni utaona 73 + j42.5. Usishangae ukipata tofauti kidogo, maana ile ya kitabu ni ya waya mwembamba kupita kiasi na mkondo wa umbo la sain, na NEC inahesabu mkondo wenyewe.

Makosa matatu ya NEC yanayorudi kila muhula. Vipande vya idadi shufwa, 20 badala ya 21, hapo hakuna kipande cha katikati na chanzo kinakaa pembeni. Vipande vifupi mno kulinganisha na unene: kipande kibaki angalau mara nane ya nusu kipenyo, la sivyo majibu yanakuwa ya ajabu na programu haikuambii. Na waya zinazopishana bila kuunganika kwenye ncha za vipande, mchoro unaonekana mzuri lakini umeme haupiti.

Ukiijenga kwa waya halisi na kuilisha koaksia moja kwa moja, shika kebo kwa mkono huku ukiangalia SWR. Ikicheza, mkondo unatembea nje ya wavu wa kebo, na kebo imekuwa sehemu ya antena. Bana vibanio vya feraiti kadhaa kwenye kebo pale pale inapoingia kwenye dipoli.

fundi_wa_mnara

Nyongeza kwa @polarizesheni, na mtoa mada aiandike ukutani. SWR ipimwe kwenye antena, si chini mwisho wa kebo. Kebo ikipoteza 3 dB kwenda na 3 dB kurudi, hata ukiikata ncha ya juu ukaacha hewa, chini unasoma SWR ya 3. Kebo ya 10 dB, ambayo kwa RG-58 kwenye 145 MHz ni takribani mita 50, isiyo na antena kabisa, inasoma 1.22. Unaweza kushangilia antena ambayo haipo.

mwaka_wa_tatu

Hiyo ya 1.22 imetokaje?

fundi_wa_mnara

10 kwenda, 10 kurudi, jumla 20 dB. Kinachorudi ni 0.1 ya volti. Weka kwenye (1 + 0.1)/(1 − 0.1).